Sura ya Nne: Kabla Kasha Halijafungwa

"Makombo ya kule siyataki," alisema Bi Mdogo. "Nimeshasema, na nitasema mbele ya mtu yeyote."

"Makombo gani, shemeji? Sauti si chakula. Hadithi ni zilezile, neno kwa neno. Nakunakilia sasa hivi, hata chai haijapoa unazo."

"Zilezile kwa nani? Mimi zangu zilikuwa zangu. Nenda kamwambie aliyekutuma."

"Hakuna aliyenituma."

"Kila siku hakuna aliyekutuma, na kila siku unatokea kule."

Mpelelezi alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi. Alikuwa amebisha hodi mpaka akachoka. Akavua cha pili, akaingia, akakaa kwenye kochi la mtu mmoja bila kukaribishwa. Kwa kawaida angewaacha wagombane, kwa sababu watu wakigombana hutoa mengi kuliko wakiulizwa. Leo hakuwa na nafasi hiyo.

"Basi," alisema. "Mmoja anieleze, mwingine anyamaze. Utaanza wewe, mama, wewe ndiye uliyenipigia simu."

Bi Mdogo alishtuka kumwona, lakini hakuona haya. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtoto mchanga kamlaza begani, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Kijana aliyekaa sakafuni mbele ya kompyuta alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Ndugu wote walimwita Chaja, maana hajawahi kutoka nyumbani bila waya mfukoni.

"Mume wangu alikuwa fundi wa minara ya simu," Bi Mdogo alianza. "Maisha yake njiani. Kwa hiyo alikuwa anawarekodia watoto hadithi kwenye simu, anaziweka mtandaoni, kwenye hifadhi inaitwa Kasha. Folda mbili. Moja Nyumba Kubwa, moja Nyumba Ndogo. Mwenzangu na watoto wake wanne wanasikiliza za kwao, mimi za kwangu. Sasa wenye Kasha wametangaza wanafunga biashara. Leo saa kumi na mbili jioni wanazima kila kitu. Huyu hapa akajitolea kutuhamishia vitu vyetu kwenye hifadhi mpya. Amehamisha. Nafungua yangu, hadithi hakuna."

"Picha?"

"Zipo."

"Video?"

"Zipo. Hadithi tu. Hata moja haikufika."

"Na kule kwa mwenzako?"

"Kule zipo zote. Ndiyo maana nimekuita wewe, sikumwita fundi wa kompyuta. Huyu mtoto..."

Ukuta ukanguruma. Mpelelezi aliruka kwenye kochi. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na karakana ya seremala, na msumeno wa umeme ulikuwa umeuma ubao. Bi Mdogo alinyamaza mdomo ukiwa nusu wazi, akawa anampigapiga mtoto mgongoni. Chaja naye alisimamisha vidole juu ya kompyuta. Msumeno uliponyamaza, Bi Mdogo aliendelea palepale, kana kwamba hakuna kilichomkatiza.

"...hajamwona baba yake. Nilikuwa na mimba yake baba yake alipofariki. Hana picha ya kupakatwa, hana chochote. Ana ile sauti tu. Ikipotea hiyo, nitamwambia alikuwa na baba, naye ataniamini kwa sababu mimi ni mama yake. Hayo ndiyo yatabaki."

Mpelelezi aliwahi kulea watoto watatu na kesi nyingi kuliko hao. Hakusema pole. Alimgeukia Chaja.

"Hiyo programu ya kuhamishia ina chaguo la kuondoa faili zinazofanana?"

Chaja aliangalia waya.

"Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana."

"Ina."

"Uliliwasha?"

"Nafasi kule tulikohamia ni ndogo, mama. Niliona kuna vitu vingi viko mara mbili. Nikasema ibakize kimoja kimoja." Aliukunja waya. "Sikujua ni hadithi."

"Ikikuta mbili zinafanana, inabakiza ipi?"

"Inafuata alfabeti. Nyumba Kubwa inakuja kwanza. Ikifika Nyumba Ndogo inakuta tayari inazo, inazitupa kwenye pipa la taka la Kasha."

Bi Mdogo alikuwa amekaa polepole, kama mtu anayekalia kiti kilicholowa. Lakini kilichomuuma hakikuwa kile Mpelelezi alichotarajia.

"Zinafanana?" aliuliza. "Unataka kusema alikuwa anahadithia mara moja, halafu anaziweka kote kote?"

"Kaka alikuwa anagawa sawa, shemeji," alisema Chaja. "Wewe mwenyewe unajua. Friji mbili, rangi moja. Mapazia jora moja. Alinunua hata saa za ukutani mbili, akasimama dukani akihakikisha zinasema wakati mmoja."

"Saa ni saa. Alikuwa anahadithia akiwa wapi? Kwa mwenzangu?"

"Kwenye gari la kazi. Niliwahi kumwona. Anafunga vioo, anahadithia peke yake kama kichaa."

Bi Mdogo alifikiri kidogo. "Angalau," alisema.

Kesi ilikuwa imekwisha. Simu ya marehemu ndiyo iliyokuwa ufunguo wa Kasha. Ikifunguliwa kabla ya jioni, hadithi zitatolewa kwenye pipa la taka na kila mtu atalala. Mpelelezi alishanyoosha mkono kuchukua viatu vyake.

"Lakini Kinyozi aliihadithia mara mbili," alisema Bi Mdogo.

Mpelelezi akaurudisha mkono. "Kinyozi?"

"Kinyozi wa Simba. Ya mwisho. Alikuwa anaumwa, hawezi tena kwenda kwenye gari, analala wiki kwangu, wiki kwake. Aliirekodi akiwa ameegemea hapo unapokaa wewe. Akaniambia, hii ni yako na huyo aliye tumboni, ya kule nimeihadithia kivyake. Nilimuuliza mara tatu."

"Kwa nini mara tatu?"

"Kwa sababu mimi ni mke wa pili."

Mpelelezi alimtazama Chaja. "Programu yako inafananisha jina, au inafananisha kilichomo?"

"Kilichomo. Jina hailiangalii. Zikitofautiana hata kikohozi kimoja, inaziacha zote mbili."

"Una uhakika, au ndivyo ulivyosoma?"

Mpelelezi hakutaka jibu la mdomo. Alitoa simu yake, akajirekodi akisema sentensi moja: nimekuja kwa kazi na nitaondoka na kazi. Akajirekodi tena akisema ileile. Alimwambia Chaja aziweke kwenye folda mbili za majaribio, aziite jina moja, kisha aiwashe programu kama alivyoiwasha siku ile. Waliinamia kioo wote watatu. Rekodi zote mbili zilifika salama.

"Sasa chukua moja, inakili juu ya mwenzake. Zifanye ziwe kitu kimoja. Washa tena."

Safari hii ilifika moja. Ya folda ya pili ilikuwa imetupwa.

Mpelelezi alirudi kwenye kochi. "Sikilizeni. Mashine haijakosea, tumeijaribu. Wewe, mama, unasema zilikuwa mbili tofauti. Kama ni kweli, zilipaswa kufika zote mbili. Haikufika yako. Maana yake ni kwamba siku ya kuhamisha hazikuwa tofauti tena. Kuna mtu alizifanya zifanane."

Bi Mdogo alimbana mtoto kifuani.

"Mchawi yule," alisema Bi Mdogo kwa sauti ndogo.

"Sijasema yule. Chaja, wewe ulilishika Kasha."

"Nililishika mbele ya Bi Mkubwa. Simu ya kaka anayo yeye. Alinifungulia yeye mwenyewe kwa namba ya siri, akakaa ubavuni kwangu mpaka nikamaliza. Hakwenda hata jikoni. Nilidhani ananionea huruma."

"Ulisikiliza Kinyozi, yoyote kati ya hizo mbili?"

"Siwezi bado kumsikiliza kaka," alisema Chaja. Aliusokota waya wake kidoleni, akaufungua. Mpelelezi alimwamini, kwa sababu mwizi wa rekodi huwa ameisikiliza kwanza.

"Twende," alisema. "Wewe, mama, baki hapa."

"Nakuja."

"Ukija hatutaongea, mtarushiana maneno mpaka saa kumi na mbili ipite. Baki."

*

Nyumba kubwa ilikuwa mwisho wa barabara isiyo na duka wala gereji. Mpelelezi alipoingia sebuleni alipata kizunguzungu kidogo. Mapazia yaleyale, zulia lilelile, kochi la mtu mmoja mahali palepale, friji ya rangi ileile ikichungulia kutoka jikoni. Ni kimya tu kilichokuwa tofauti. Hapa mtu angeweza kusikia saa ya ukutani.

Bi Mkubwa alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole na macho yasiyotulia. Alimkaribisha Mpelelezi kwa heshima zote, akamletea chai, kisha akakaa mbele yake.

"Umetoka kwa mdogo wangu?"

"Nimetoka huko."

"Amekupa chai?"

"Hakuwahi."

"Ah." Bi Mkubwa alisogeza sahani ya keki mbele kidogo. "Zulia lake bado zima? La kwangu limeliwa hapo pembeni. Lakini mimi nina watoto wanne wa kulikanyaga."

"Dada, nimekuja kuhusu hadithi."

"Nimesikia. Pole yake. Lakini Chaja amesema ni mashine, na mimi nimemwambia Chaja ampe nakala za kwangu. Zote. Nini tena? Au anataka nakala zenye jina lake?"

"Simu ya marehemu iko wapi?"

"Iko mahali pake."

"Nahitaji kufungua pipa la taka la Kasha. Hadithi zake zimo humo mpaka jioni."

"Simu ya mume wangu haitoki humu ndani." Upole ulikuwa palepale, lakini ulikuwa umefungwa kwa kitasa. "Yeye alipata pete. Mimi nilipata simu. Tuligawana mbele ya wazee."

Mpelelezi alikunywa chai. Alijua mlango ukikataa unazunguka nyumba.

"Sawa. Naomba nisikie Kinyozi. Ya kwako. Nijue tu tunazungumzia nini."

Bi Mkubwa alisita. Hakuwa na sababu ya kukataa, maana ndiyo kwanza amejisifu kwamba anazigawa. Alichukua simu yake mwenyewe, akatafuta, akaibonyeza na kuilaza mezani.

Sauti ya mwanamume ikajaa chumbani. Ilikuwa sauti nene, iliyochoka kidogo. Hapo zamani kulikuwa na kinyozi aliyekuwa anamnyoa simba. Kila Ijumaa simba anakuja, anakaa kwenye kiti, anasema, punguza pembeni, juu usiguse. Siku moja wembe ukateleza. Hapo marehemu akasahau. Akasema, ngoja, ulikata sikio au ulikata sharubu? Akaanza kucheka. Akajaribu kuendelea, simba akageuka, akaangalia kwenye kioo, akacheka tena mpaka akakohoa, na katikati ya kukohoa bado anacheka. Chaja aliinuka akaenda kusimama dirishani, mgongo kawapa.

Simba akasema, wewe kinyozi, leo...

Sauti ikakatika. Kimya kifupi. Kwa mbali, kama nyuki kwenye chupa, kulikuwa na mngurumo. Ukapita. Na sauti ikaendelea palepale ilipoishia: ...leo utaninyoa na upande wa pili, ili zifanane.

"Simamisha hapo," alisema Mpelelezi.

Bi Mkubwa akasimamisha.

"Alikuwa anasubiri nini?"

"Anasubiri nini vipi? Alikuwa mgonjwa. Alikuwa anapumzika."

"Mgonjwa anayepumzika anaanza upya sentensi. Huyu amesubiri kitu kipite. Leo nimewaona watu wawili wakisubiri hivyohivyo, na wala hawajui kama wanasubiri. Huo ni msumeno wa seremala, dada. Hapa kwako nasikia saa ya ukutani."

"Aliirekodi akiwa kwake, akaniwekea mimi. Kosa?"

"Marehemu? Aliyenunua mapazia jora moja? Wewe mwenyewe ungekubali kitu chako kifanyiwe nyumba ile, kwenye zamu yake?"

Bi Mkubwa alifungua mdomo. Jibu la ndiyo lilikuwa pale, rahisi, na lingemwokoa. Alishindwa kulitamka.

"Nisingekubali," alisema.

"Hukukubali. Ya kwako ilikuwapo. Iko wapi?"

Bi Mkubwa alianza kukusanya makombo ya keki kwa ncha ya kidole, moja moja, akiyaweka kwenye sahani.

"Alikuwa na wiki kwangu na wiki kwake," alisema hatimaye. "Wiki ya sindano ilinikuta mimi. Usiku kucha nabadilisha shuka, namshika kichwa. Anaumwa mpaka haniangalii. Zamu ikaisha, akaenda kule, sindano zikaanza kufanya kazi, akapata nafuu. Akala. Akacheka. Halafu akarudi kwangu kufa. Hata ugonjwa ulimpendelea yule."

"Na Kinyozi?"

"Ya kwangu aliirekodi wiki ile ile ya sindano. Anahadithia kama mtu anayesoma mita ya umeme. Hakosei, hasiti, hacheki. Baada ya msiba wanangu waliisikiliza. Mdogo wao akaniuliza, mama, baba alikuwa ametukasirikia?" Kidole kilisimama. "Nilifungua simu yake nitafute kama kuna nyingine. Nikafungua folda ya kule. Nikamsikia anacheka."

"Ukainakili juu ya yako."

"Niliinakili. Sikumwibia. Ya kwake niliiacha palepale, Mungu shahidi. Nilitaka na sisi tuwe nayo. Nikawaambia watoto, hii hapa, baba yenu alikuwa anawachekesha." Alimtazama Mpelelezi usoni kwa mara ya kwanza. "Mashine ya Chaja ndiyo iliyotupa ya kwake. Mimi sikujua kama itatupa."

"Ulijua siku alipolalamika. Ungesema."

"Niseme nini? Kwamba mume wangu alicheka kwake, mimi nikaenda kuomba cheko?"

"Hukuomba," ilisema sauti mlangoni. "Ulichukua."

Bi Mdogo alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mtoto kifuani, viatu mkononi.

"Nilisema ubaki," alisema Mpelelezi.

"Ulisema. Sikusema nimekubali." Aliingia ndani, akalitazama zulia, akaitazama friji, akaitazama keki. "Kwa hiyo wakati mimi nazunguka nyumba nzima usiku na mtoto halali, watoto wako wanachekeshwa na baba yake."

"Ni baba yao pia, mdogo wangu."

"Kwa zamu."

Bi Mkubwa aliinuka. Alikuwa mrefu kuliko alivyoonekana amekaa. Mpelelezi akaweka kikombe mezani kwa kishindo, chai ikamwagika kwenye sahani, wote wawili wakageuka.

"Mtagombana kesho, mna maisha yenu yote. Kasha linafungwa leo. Dada, simu."

Bi Mkubwa alisimama kidogo, kisha akaingia chumbani. Alirudi na simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka pembeni, imefungwa kwenye kitambaa cha kitani. Aliifungua kwa namba ya siri akiwa amewageuzia mgongo, halafu akampa Chaja. Ujumbe mwekundu ulikuwa umetanda juu ya kioo ukiwakumbusha wateja kwamba huduma inafungwa leo. Chaja aliuondoa kwa kidole, akaingia kwenye pipa la taka.

Hadithi zote za Nyumba Ndogo zilikuwamo. Chini yake, peke yake, kulikuwa na Kinyozi nyingine, kutoka Nyumba Kubwa, maana faili ikinakiliwa juu yake nyingine, Kasha huitupa humo ile ya zamani.

"Hiyo ndiyo ya mita ya umeme," alisema Bi Mkubwa.

"Kwanza hizi," alisema Mpelelezi. Hakutaka mtu yeyote awe na cha kushikilia dhidi ya mwenzake. Chaja alizirudisha hadithi za Nyumba Ndogo moja baada ya nyingine, safari hii akiwa amelizima lile chaguo, na Mpelelezi alimtaka Bi Mdogo afungue folda yake kwenye simu yake mwenyewe, asitegemee maneno ya mtu. Alifungua. Alibonyeza Kinyozi, akaisogeza sikioni mwa mtoto. Cheko likasikika kwa mbali, kama linatoka chumba cha pili. Mtoto alikunja uso, akapiga miayo, akaendelea na shughuli zake. Bi Mdogo aliuma mdomo wa chini mpaka ukawa mweupe.

"Imefika?" aliuliza Mpelelezi.

"Imefika."

"Sasa ile nyingine. Tusikie kama ni yenyewe kabla ya kuirudisha."

Bi Mkubwa alisema haina haja. Bi Mdogo alisema ina haja, na yeye ana haki ya kujua alichoachiwa mwenzake. Chaja akabonyeza.

Kilikuwa kweli kisomo cha mita. Sauti kavu, inayokwenda moja kwa moja, mtu anayebana maumivu kwa meno. Lakini haikuanza na hapo zamani. Ilianza na majina. Marehemu alimtaja mtoto wake wa kwanza, akanyamaza kidogo kana kwamba anamngoja aitike. Akamtaja wa pili, akangoja. Wa tatu. Wa nne, kwa jina la utani ambalo huenda hakuna mwingine aliyewahi kumwita. Kisha akasema, mmekaa vizuri? Ndipo akaanza.

Bi Mdogo alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika.

"Amewaita wote," alisema.

"Amewaita," alisema Bi Mkubwa. Alikuwa kama anayesikia hilo kwa mara ya kwanza. Labda ndivyo. Labda siku zote alikuwa anasikilizia cheko, akayaruka majina.

"Wangu hakumwita."

"Hakuwa amezaliwa."

"Najua hakuwa amezaliwa. Nasema hakumwita."

Chaja, ambaye moyo wake ulikuwa mwema na akili yake ilikuwa ya waya, aliona njia. "Mbona rahisi tu," alisema. "Naweka zote mbili kote kote. Nakala haipungui. Kule mtakuwa na majina na cheko, huku mtakuwa na cheko na majina. Kaka mwenyewe angefanya hivyo."

"Hapana," walisema wote wawili.

Walisema pamoja, kwa sauti moja, na wakatazamana. Mpelelezi alishaona watu wengi wakipatanishwa, lakini hakuwa ameona watu wakikubaliana haraka namna ile.

"Mwanangu hatalala akisikiliza majina ya wenzake yakiitwa," alisema Bi Mdogo.

"Na wanangu hawatachekea cheko la nyumba nyingine," alisema Bi Mkubwa. "Wameshachekea vya kutosha. Nitawaambia ukweli. Baba yenu hakuwa amekasirika, alikuwa anaumwa, na kabla ya kuanza aliwaita mmoja mmoja. Rudisha yangu, Chaja."

Chaja alirudisha. Kipau cha kuonyesha faili inavyohama kilijaa taratibu kwenye kioo kilichopasuka, kikafika mwisho, na Kinyozi kavu akatua kwenye hifadhi mpya, ndani ya Nyumba Kubwa. Mpelelezi aliagiza ifunguliwe, ikafunguliwa, jina la kwanza likasikika. Sasa Nyumba Kubwa ilikuwa na vinyozi wawili.

Bi Mdogo alinyoosha kidole. "Na ile yangu iliyomo humo?"

"Naifuta," alisema Bi Mkubwa. Alichukua simu yake mezani.

"Ngoja." Bi Mdogo alimhamisha mtoto bega. Ilionekana maneno yanamgharimu. "Kama unataka, isikilize mara moja. Ya mwisho. Mimi nitatoka nje."

Bi Mkubwa alimtazama mwenzake, akaitazama simu. Kitufe cha kusikiliza kilikuwa upande wa kushoto, cha kufuta kulia, na kidole chake kilikuwa katikati. Alijua wapi hasa cheko linaanza.

"Baki ndani," alisema, akafuta.